Mashine ya Boling ya Baa ya Kubacki

Kusini mwa Chicago, wanaume walikuwa wakitoka kiwanda cha chuma, wakinawa masizi, wakiagiza bia, kisha wakitumbukiza senti kumi kwenye mashine ya boling na kusukuma kisahani kizito juu ya ubao ulionyunyiziwa unga wa nta, kuelekea pini zinazoning'inia na kuruka juu kinapozipitia. Zygmunt Wojtala ndiye aliyekuwa fundi wa mashine hizo. Leo kiwanda ni magugu na watu hunywa wakitazama simu. Naye, na miaka yake sabini na tisa, anazikusanya kwenye gereji yake kama mayatima.

Dolores Kubacki alikuwa ameuza jengo la baa yake. Mpambaji wa hoteli alitaka kioo cha mashine ya boling iliyokuwa humo, chenye michoro, akitundike ukutani; mwili uliobaki ungeenda jalalani. Dolores akampa Zygmunt mpaka saa sita mchana. Ikiamka, aichukue nzima.

"Imekufa hiyo, mzee," alimwambia. "Kama marehemu mume wangu, ila yeye alikuwa na kelele zaidi."

"Mumeo hatukuwahi kumfungua tukamwangalia ndani."

Alipoifungua, akakuta magurudumu ya kuhesabia pointi yameganda. Mjinga fulani aliyapaka mafuta, na kila fundi wa kazi hii anajua kwamba hayo huzunguka makavu. Akamtukana mjinga huyo kwa Kipolandi, moyo ukaridhika. Kisha akasoma kadi iliyobandikwa ndani, ambamo mafundi waliandika kila walichofanya. *Machi 1968. Mafuta. Z.W.*

Akapitisha kidole gumba juu ya mwandiko wake. Halafu akachukua spiriti na kitambaa, akasafisha gurudumu moja baada ya jingine, magoti yakimlilia.

Ilipobaki robo saa, akachomeka umeme. Taa zikawaka rangi ya asali. Ndani, mamia ya swichi zikagonga, moja ikiamsha nyingine, bila kompyuta, bila mtu kuziamuru. Pini kumi zikashuka.

Dolores akasukuma kisahani. Pini zote zikaruka juu kwa pamoja, na namba zikaanza kupanda huku kengele zikilia. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Miaka yote hii," alinong'ona, "nilikuwa naweka ndoo za mopu juu yake."

Mpambaji aliingia na bisibisi, akasimama, akasahau alichofuata.

"Kama umekuja kucheza, kaka, panga foleni," Dolores alimwambia bila kugeuka. "Kioo kinaondoka na mwili wake."