Siku Bi Tone Alipoomba Uchafu

Kazini walimwita Bi Tone, kwa sababu maisha yake yalipita akisubiri matone. Alikuwa fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti wa tiba, na ukimuuliza kazi yake aliieleza kwa maneno mawili tu: "Nasafisha protini." Ukimbana zaidi, angekuambia kwamba wako bakteria waliopandikizwa mbegu ya kutengeneza kitu ambacho kwa kawaida hutengenezwa na mwili wa binadamu, kwamba bakteria hao hupasuliwa, na mchuzi wao mzito wenye harufu mbaya humiminwa kwenye bomba la kioo lililojaa chembe ndogo nyeupe, na kwamba chembe hizo hukamata anachokitaka na kuacha takataka zipite. Kisha hutia maji maalumu, protini ikaachia, ikashuka tone kwa tone.

"Ni kama kumbembeleza mtoto aachie nguo ya mama yake," alisema. "Ukimvuta, atalia. Unamsubiri."

Kazi hii ilifanyika kwenye chumba cha baridi, friji kubwa ya kuingia mtu na kiti chake, maana protini huharibika kwa joto kama maziwa. Bi Tone aliingia humo na sweta chini ya koti la maabara, soksi mbilimbili, na kofia iliyofunika masikio, hata siku ambazo huko nje lami ilikuwa inalainika kwa jua. Wenzake wa chumba cha seli shina, ambao hawakujua sikukuu wala wikiendi kwa kuwa seli zao hutaka kulishwa kila siku kama vichanga, walimtania wakipita. "Sisi tuna watoto, wewe una barafu tu!" Naye aliwajibu bila kugeuka, "Wangu hawalii."

Humo humo kwenye baridi ndimo alimopata mume. Mashine ya kupozea ilikuwa imezima, protini ya wiki nzima iko hatarini, akaletwa fundi friji, mwanamume mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akipita kwenye milango mifupi. Alifanya kazi kimya kimya, halafu akachomoza kichwa nyuma ya mashine.

"Dada, humu ndimo unamoshinda?"

"Siku nzima."

"Peke yako?"

"Na protini."

Fundi akatikisa kichwa. "Basi hata nikiitengeneza hii, itabidi niwe napita kuangalia."

Mashine ilipona siku ile ile. Yeye akaendelea kupita kuangalia mpaka wakaoana na kupata binti.

Taasisi ilimwajiri fundi huyo atunze friji zake zote. Na kwa kuwa watafiti daima huhitaji damu ya mtu asiyeumwa, ili wailinganishe na damu za wagonjwa, wakamwomba na hilo. Alikuwa hajawahi kulazwa, hajawahi hata kung'olewa jino. Wakampima kila walichoweza kupima, wakamkuta hana doa. Tangu hapo, kila baada ya muda, alikunja mkono wa shati akatolewa damu, na mirija ikalazwa kwenye friji alizozitunza mwenyewe. Watu wakamwita Mzima. Jina hilo alilipenda kuliko cheo.

"Nyinyi mna digrii," aliwaambia watafiti kwenye foleni ya chai, "lakini bila damu yangu hamjui hata mgonjwa ni yupi."

Nyumbani, akijinyoosha kitini baada ya chakula, mkewe alimkumbusha: "Mzima haogopi masufuria." Naye huyo, akaosha vyombo.

Kisha kikaja kipimo kipya. Kilikuwa cha ugonjwa wa figo unaonyemelea. Ni ugonjwa wa usaliti: kingamwili, wale askari ambao mwili umewaweka wapambane na vijidudu, huwageukia wenye nyumba na kuzishambulia figo. Mtu hasikii kitu kwa muda mrefu, na akija kusikia, mengi yameshaharibika. Protini ya Bi Tone ndiyo iliyokuwa chambo. Ilipakwa kwenye sahani ya plastiki yenye visima vidogo, kila kimoja cha kutosha matone machache tu. Damu ikitiwa humo, askari wasaliti wakiwamo watanasa, na kisima kitageuka bluu. Wasipokuwamo, kisima kitabaki cheupe kama maji. Lakini chambo kikiwa kichafu, kikiwa na mabaki ya bakteria, damu ya kila mtu itanasa, maana nani hajakutana na bakteria duniani?

Aliyefanya majaribio kwenye sahani alikuwa rafiki yake wa tangu chuoni, mwanamke wa kicheko kikubwa waliyemwita Msoma Sahani. Asubuhi ya majaribio alikuja kugonga mlango wa chumba cha baridi, na hakuwa anacheka.

"Shoga, toka kidogo."

"Tone linashuka."

"Liache lishuke. Umenipa protini gani? Damu za wagonjwa zimegeuka bluu, sawa. Na ya shemeji pia imegeuka bluu."

"Umekosea kuosha sahani."

"Nimebadilisha maji. Nimebadilisha sahani. Nimebadilisha hata glavu. Kilichobaki ni kubadilisha mume, na wangu sijammaliza."

Bi Tone alivua kofia. "Basi ni uchafu," alisema, na kulitamka neno hilo kulimchoma, kwa sababu usafi wa matone yake ndio uliokuwa fahari yake pekee kazini. "Nipe siku chache. Narudia."

Ajabu ni kwamba hakuna aliyemshuku Mzima. Walishuku protini, maji, plastiki, hata umeme wa mtaa. Fundi cherehani hupima kila mteja, lakini futi yake haipimi. Na Mzima alikuwa futi yao. Wagonjwa wote waliopita kwenye sahani zile walipimwa kwa kulinganishwa naye, na mtu anayelinganishwa na wote husahaulika kwamba naye ana mwili.

Bi Tone alirudia kazi yote upya, bakteria wapya, chembe mpya, matone mapya. Mwisho wake alipitisha protini kwenye jeli kwa nguvu ya umeme, akaitia rangi, kama afanyavyo siku zote. Protini chafu huonekana kwenye jeli kama ngazi, mistari mingi. Iliyo safi hutoa mstari mmoja.

Ulikuwa mmoja.

Aliinua jeli kwenye taa akautafuta wa pili. Aliigeuza. Alivua miwani akaivaa tena. Ndipo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Bi Tone akaomba uchafu. Aliomba kivuli tu, alama hafifu pembeni, ushahidi kwamba mikono yake imeanza kuzeeka na kwamba kosa ni lake. Mstari ulikuwa mmoja, mweusi, umetulia kama kope ya mtu aliyelala.

Msoma Sahani alikuja akasimama nyuma yake, akaona. Alijitoa damu mwenyewe, akamtoa na rafiki yake, wakazitia kwenye visima. Vikabaki vyeupe. Kisha akaenda kwenye friji akaleta mirija ya Mzima, ya zamani na ya karibuni, akaipanga kwa mfuatano. Damu ya miaka ya nyuma haikubadilika rangi. Iliyofuata ikawa na ubluu kama wa kucha za mtu aliyeshikwa na baridi. Ya karibuni ikakolea. Bi Tone akauona ugonjwa wa mumewe ukikua mbele ya macho yake, kisima baada ya kisima, kwa miezi ambayo alilala naye kitanda kimoja.

"Shoga," Msoma Sahani alisema taratibu, "kaa chini."

Mkuu wa maabara, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisikiliza mpaka mwisho. "Kipimo chetu bado ni mtoto," alisema. "Hakina mamlaka ya kumwambia mtu anaumwa. Aende hospitali akapimwe kwa vipimo vyao. Nimwite mimi, au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mimi."

Alimkuta uani alasiri ile, siku yake ya mapumziko, amekaa kwenye kigoda anatengeneza friji ya jirani, viatu kavua, soksi kaziteremsha. Juu ya vifundo vya miguu soksi zilikuwa zimeacha mifereji mirefu, kama kamba kwenye unga uliokandwa.

"Mbona mapema leo? Baridi imewaishia?"

Bi Tone aligeuza ndoo akaikalia. Akamweleza yote, chambo, visima, mirija. Fundi alicheka mwanzoni. "Mmenichanganya na mtu. Si nilisema msiweke damu yangu karibu na ya madereva!"

"Miguu hiyo imeanza lini kuvimba?"

"Miguu gani?"

"Hiyo iliyo mbele yangu, mume wangu."

"Hii ni kusimama. Fundi akisimama sana..."

"Na mkojo?"

Akashika bisibisi akaitazama. "Unatoa povu," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nikasema ni ile sabuni unayosugulia choo."

"Na mimi nalala wapi, hata usiniambie?"

"Ningeanzaje? Pale kazini kuanzia mlinzi hadi mkuu wananiita Mzima. Nitoke niseme jamani, Mzima miguu inamvimba? Nilijua itapita."

Bi Tone alijaribu mlango wa mwisho uliobaki. "Labda nimekosea mimi. Labda protini ni chafu."

Mumewe akamtazama usoni. "Ni chafu?"

Neno moja tu lingetosha. Wangekunywa chai, friji ya jirani ingepona, na giza lingeingia kama siku nyingine. "Ni safi," Bi Tone alisema. "Sijawahi kusafisha protini ikatoka safi kama hii." Na machozi aliyoyazuia tangu maabara yakamshinda.

Fundi aliweka bisibisi chini. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akavuta soksi zake juu, akamshika mkewe bega. "Basi nivalie kanga yako nzuri, twende hospitali. Miaka yote hii nakuona unatetemeka mle ndani kwa ajili ya kitu kisichoonekana kwa macho. Nisipokiamini mimi, atakiamini nani?"

Hospitali fundi alipimwa, wakarudishwa nyumbani, akapimwa tena. Daktari wa figo hakuwadanganya. Figo zilikuwa zimeanza kuumia, lakini bado zinafanya kazi. Zipo dawa, zipo kali zaidi za kutumia ikibidi, na wapo wagonjwa ambao askari wao hutulia wenyewe. "Mmewahi," alisema. "Kuwahi si kupona. Lakini wengi hunijia hapa wakati sina la kuwapa, nyinyi ninalo." Kisha akaanza kutaja masharti, na la kwanza lilikuwa chumvi.

Jioni ya kwanza ya dawa, wote watatu walikaa mezani. Fundi akaonja mboga, akaacha kijiko hewani.

"Mama, hii mboga inamngoja nani aitie chumvi?"

"Haimngoji mtu. Kula."

Akala kidogo, akatazama sahani ya mkewe. "Na wewe yako haina? Wewe huumwi. Tia chumvi."

"Sitaki."

"Unajitesa bure."

"Kula, mume wangu."

Binti yao alikuwa akiwatazama, mmoja kisha mwingine. "Na mimi je?"

"Wewe kijana. Chumvi iko kabatini," mama yake alimjibu.

Binti akainuka, akaenda jikoni. Walisikia mlango wa kabati ukifunguka, kisha kimya, kisha ukifungwa. Akarudi mikono mitupu, akakaa, akaanza kula.

Fundi alitafuna polepole, macho kwenye sahani, mpaka akaimaliza. Kisha akaisogeza mbele ya mkewe aongezewe.

"Kesho," alisema, "tieni limau."