Benki Yetu na Ingobyi ya Baba Mdogo

Benki ndogo ya mjini ilifunga mlango wiki ileile mama alipokwenda kutoa ada yangu. Alikuwa amemuuza ng'ombe wake wa pekee ili nisomee uganga wa hospitali, na pesa yote akaiweka pale kwa kuamini ni salama kuliko chini ya godoro. Tulikuta kufuli, mgambo, na tangazo ukutani: huduma zimesitishwa, subirini tamko la serikali. Chuo kilikuwa kinafungua mwisho wa mwezi, na asiyelipa nafasi yake anapewa mwingine.

Jamani, usingizi ulinihama! Kila gari lililopita kule barabara kuu kuelekea Murusagamba nilitoka nje kulitazama, kana kwamba serikali ingekuja yenyewe mpaka kwetu kunitoa wasiwasi. Mama alipalilia maharage hata pasipokuwa na magugu.

Aliyepiga kelele ni baba mdogo. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, mnunuzi wa kahawa, mtu wa sauti. Jioni moja alikuja na redio yake, tukasikiliza watu wakibishana kama serikali iiokoe benki yetu au la.

"Iachwe ife!" akafoka. "Wakubwa wamekopeshana wenyewe kwa wenyewe, leo kodi zetu ndizo ziwainue? Mchuma janga hula na wa kwao."

"Na hao wa kwao ni nani, shemeji?" mama akauliza. "Si ndio sisi? Pikipiki ilipokuangusha wewe, nani alikubeba?"

Kwetu mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka, mpaka barabara kuu, wanaume wakipokezana mabegani. Asiyejitokeza kuwabeba wenzake hutozwa pombe ya ndizi. Lakini akiugua yeye hubebwa kwanza, faini inamsubiri apone. Na baba mdogo hakuwahi kumbeba mtu. Kila yowe likipigwa, yeye yuko mnadani.

"Benki si mtu," akasema.

"Ndani yake yumo mwanangu."

Baba mdogo akazima redio. Ndipo mama akamuuliza taratibu, "Na zako je? Si nawe ulikuwa unaweka palepale?"

Akatazama viatu vyake. "Mimi nilitoa mapema. Kuna mtu alininong'oneza."

Loo! Nilitamani kumrushia kigoda. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alitujua vizuri sana, na ugali wetu alikuwa ametoka kuula muda uleule.

Tamko lilikuja hatimaye. Akaunti zote zingehamishiwa benki kubwa na kila mtu angepata chake. Mama alipiga magoti palepale shambani akamshukuru Mungu. Ila pesa zilipotoka, chuo kilikuwa kimeshaanza na nafasi yangu ina mwenyewe. Mwaka uliofuata ada ilipanda, pesa ya mama ikabaki ileile. Akanunua ndama. Mimi nikaanza kununua maharage Mbuba na kuyauza Nyakisasa, na ndiyo kazi yangu hadi leo.

Nikisikia ubishi ule redioni bado nabishana nayo peke yangu. Mimi nasema benki iokolewe, tena upesi, maana waliomo ndani ni akina mama yangu. Lakini roho inaniuma: walioiangusha na walionong'onezwa hawatozwi hata kibuyu kimoja cha pombe.

Majuzi yowe lilipigwa, mvua inanyesha, hakuna gari linalopanda kwetu. Baba mdogo amezidiwa. Mama alinitazama tu.

Nikaweka bega mbele ya ingobyi. Alikuwa mzito, matope yanateleza, na hasira yangu yote ilikuwa juu ya bega lilelile. Kwenye mteremko akauliza kutoka ndani ya blanketi, "Mbele yupo nani?"

"Ni mimi, baba mdogo."

Akajifunika uso mpaka barabara kuu. Tulipomshusha nilimwinamia, nikingoja aseme neno. Akaomba maji. Nikampa.