Mtungi na Mlango wa Mbele

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika zamani. Mji mzima ulimwita Mtungi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupeleka mitungi ya gesi migahawani kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Migahawa mikubwa ya barabara kuu ilikuwa na watu wake wenye magari. Mtungi aliachiwa ile midogo: ule wenye meza chache nyuma ya duka la vitambaa, ule wa ghorofani juu ya duka la fundi saa, ule uliojibanza kwenye uchochoro ambao hata paka hupita kwa kufikiria. Alijua jiko gani linaosha mboga na jiko gani linaionyesha maji tu. Watu walizaliwa na kuzeeka katika mji ule bila kujua robo ya aliyoyajua yeye kuhusu matumbo yao.

Mkewe naye alikuwa mtu wa jikoni, mpishi wa shule. Kila mchana watoto walipanga foleni mbele ya dirisha lake, na kila mchana, jamani, walilalamika. "Mama Jiko, chumvi imezidi!" Anayefuata: "Mama Jiko, chumvi haitoshi!" Na sufuria ni lile lile! Alistahimili mambo hayo mpaka mvi zikamwota, na siku aliyostaafu wakampa saa ya ukutani na hotuba ndefu kuliko kazi yenyewe.

Jioni ile dada yake alikuja kumpongeza, pamoja na mumewe. Huyu mwanyumba wake Mtungi alikuwa karani wa bima, mtu wa suruali yenye mkunjo mkali na maneno mengi.

"Haya shemeji," karani akasema, "sasa uko huru. Unataka nini duniani?"

Mama Jiko akafikiri. "Nataka mahali niketi kitako, niletewe sahani, halafu nilalamike."

Wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Sitanii. Maisha yangu yote nimelalamikiwa mimi. Na mimi nataka zamu yangu."

"Hilo tu?" karani akadakia. "Jumamosi nawapeleka hoteli kubwa. Kule kuna vitambaa vya meza, kuna uma wa samaki peke yake!"

Mtungi akahisi moto kifuani. Mke wake, tena siku yake, apelekwe kula na suruali ya mkunjo? "Hoteli gani, mwanyumba! Kule wanapasha moto chakula cha jana. Mke wangu nitampeleka mwenyewe, na ninyi mje. Mahali ambapo hata ndotoni hujafika."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Hakujua kwamba amejipalia makaa.

Jumamosi wakatoka. Mama Jiko alivaa gauni la buluu na viatu vipya vilivyombana, ila alikataa kukiri. Mtungi alitangulia, kidevu juu. Alikuwa amechagua mgahawa bora kuliko yote, wa mama mmoja aliyeitwa Dada na wakubwa kwa wadogo. Harufu ya mchuzi wa kuku wa Dada ilikuwa imemtesa kwa miaka. Alikuwa amezoea kupewa kipande mlangoni akiwa amesimama, anakimeza na kuondoka.

Walipofika mtaani, Mtungi akasimama ghafla. Mbele yake kulikuwa na safu ya milango: kinyozi, dobi, muuza vitasa, mapazia, mlango usio na maandishi, mwingine usio na maandishi. Mtu mzima yule, na ujuzi wake wote, hakuwahi hata siku moja kuuona mgahawa ule kwa mbele! Maisha yake yote alipita uchochoroni, kwenye tangi la maji, mpaka mlango wa kijani wenye bonde lililochongwa na mitungi yake mwenyewe. Uso wa mgahawa aliujua kama unavyoujua uso wa mtu anayekupa kisogo.

Unadhani alisema? Thubutu! Akapiga moyo konde, akawapandisha mtaa. Akawateremsha. Akawapandisha tena.

"Mzee," kinyozi akamwita, "unanyoa au hunyoi? Maana unanipa matumaini."

"Mwanyumba," karani naye akaanza, "tunakula au tunatalii?"

Mtungi akaona heri abahatishe. Akafunua pazia la mlango mmoja na kuingia kwa mbwembwe, wengine nyuma yake. Ndani kulikuwa na bibi kizee aliyeloweka miguu kwenye beseni, anatazama televisheni.

"Karibuni," bibi akasema, macho yamemtoka. "Mnamtaka nani?"

Mtungi akainama kwa adabu. "Tumekuja kukusalimu tu, bibi."

Basi wakamsalimu. Wakamuuliza miguu, akawaeleza habari za miguu, mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Walipotoka, Mama Jiko alikuwa anachechemea.

"Baba watoto. Nieleze ukweli. Unapajua au hupajui?"

Mtungi akatazama chini. "Napajua kwa nyuma."

Karani alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wa karani akamfinya lakini wapi, alikuwa keshazama kichekoni.

Ikabidi wazunguke. Wakapita uchochoroni mmoja mmoja, gauni la buluu likakwangua ukuta, mkunjo wa suruali ukaonja maji ya dobi, wakatokea kwenye mlango wa kijani na kuingia moja kwa moja jikoni.

"Mtungi!" Dada akashtuka katikati ya mvuke. "Mbona leo huna mtungi? Na hawa ni nani, watu wa afya?"

Kabla hajajibiwa, mfuniko wa sufuria ukaanza kurukaruka. Msaidizi wa Dada alikuwa nyumbani anaumwa jino, na Dada alikuwa na mikono miwili tu, yote imejaa sahani. Mkono uliowahi ule mfuniko ulikuwa wa Mama Jiko. Kisha ukapunguza moto. Kisha ukashika mwiko.

"Aproni iko wapi?" akauliza.

Moyo wa Mtungi ukashuka mpaka kwenye soksi. Aliiona siku ya mkewe inayeyuka mbele ya macho yake. "Mama watoto, weka mwiko chini."

"Ngoja kwanza, mchuzi unashika chini."

"Uache ushike!"

Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata baiskeli yake ilikuwa na kengele iliyokufa, na hakuwahi kuitengeneza. Kwa hiyo karani akasahau kucheka. Mtungi akamnyang'anya mkewe mwiko.

"Leo hupiki! Nyumba iungue, hupiki! Dada, huyu ni mpishi wa shule, amestaafu. Amekuja kuketi, kuletewa na kulalamika."

Dada akamtazama Mama Jiko kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vinavyobana. Akafuta mikono. "Basi mama, nitokee jikoni kwangu. Wateja hupita kule. Na wewe Mtungi, kwa kuwa umenishikia mwiko, utaandaa meza."

Akawafungulia mlango wa ndani. Kumbe mgahawa ulikuwa ubavuni mwa kinyozi! Taulo zake alizoanika ndizo zilizoficha kibao.

Mama Jiko akaketi karibu na dirisha na kuvua viatu chini ya meza. Mtungi akaja, taulo begani. "Utakula nini, mama?"

"Kilichopo."

"Hapana. Chagua."

Akababaika kama mwanafunzi aliyeulizwa swali gumu. Hatimaye akachagua kuku na wali, akaletewa, akala polepole. Karani alikunja mikono ya shati na hakusema neno, na wanaomfahamu wataelewa uzito wa jambo hilo. Lakini Mtungi alipomtazama mkewe, akaona machozi yanamlengalenga.

"Vipi tena?"

"Ni kitamu," Mama Jiko akanong'ona. "Kila kitu. Sina cha kulalamikia."

Mtungi akakimbilia jikoni. "Dada, nakusihi, niharibie kidogo. Tia hata kijiko cha chumvi."

"Kwenye mchuzi wangu? Nife kwanza!" Dada akafyonya. Kisha akatikisa kichwa. "Kwani wanaolalamika hapa huwa na sababu? Mwambie alalamike tu."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Sauti ya mkewe ilitoka kwenye meza ya dirishani, ikajaza mgahawa mzima mpaka kinyozi akachungulia.

"Mama Jiko! Chumvi haitoshi!"

Dada akatoka mbio. "Samahani sana mama, kosa langu." Akaichukua sahani, akaileta jikoni, akaiweka mezani. Akakunja mikono. Akatazama dari kidogo. Akairudisha vile vile, bila kuongeza hata punje. Mtungi aliyaona hayo kwa macho yake.

Mkewe akaonja. Akafumba macho. "Eeh! Sasa hapo sawa."

Wakati wa kurudi, Mama Jiko alitembea peku, viatu mkononi. Dada yake na karani walikuwa mbele, karani anaeleza jinsi siku zote alivyoamini migahawa midogo. Mtungi alikuwa na jambo linalomkereketa rohoni.

"Mama watoto. Ile sahani..."

"Hakuongeza kitu," mkewe akasema.

"Ulijua!"

"Nisijue vipi? Mimi wale watoto nilikuwa nawafanyia hivyo hivyo kila siku. Napeleka sahani nyuma, nasimama kidogo, nairudisha. Nao wanaonja, wananiambia, 'Sasa imekolea, Mama Jiko.' Nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, maskini." Akavuta kamasi, akafuta pua kwa kiganja. "Kumbe hawakuwa wananidanganya."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Kwa sababu hata yangu leo imekolea kweli."