Eda Niliyoikataa

Mwaka ule Kisarawe tulikula makopa mpaka watoto wakasahau ladha ya wali. Muhogo mkavu, tunatwanga, tunasonga, tunashushia na kisamvu kisicho na nazi. Ndio mwaka mume wangu alipokwenda Gwata kuchoma mkaa. Alibeba panga, shoka na dawa zake za sukari. Hajarudi.

Nilimfuata. Gwata nikaonyeshwa tanuri lake: magogo yamepangwa vizuri kama anavyopanga yeye, hata moto hayajatiwa. Wafugaji wa kule walizunguka nami porini na fimbo zao. Hakuna kiatu, hakuna shati, hakuna mfupa. Nilichokiona ni magogo.

Mwaka jana, mfungo ulipoisha, shemeji yangu alikuja. Ni mdogo wake mume wangu, anasomesha watoto madrasa. Siku hiyohiyo akaja binti yangu kutoka Tumbi, anakofundisha hesabu. Huyo nimemsomesha kwa korosho, mimi niliyeishia darasa la tatu, na nikimtaja natembea kifua mbele. Wakaniweka kati kwenye mkeka.

"Shemeji," akaanza, "kitabu kimeweka muda wa kumngoja aliyepotea. Muda umepita. Tumsomee hitma, wewe ukae eda, yaishe."

"Kitabu kimemwona?"

"Astaghfirullah, shemeji!"

"Nauliza tu."

Binti yangu akadakia. "Mama, tuache kitabu. Baba ana sukari. Dawa alizobeba zilikuwa chache. Simu yake haiiti. Jumlisha mwenyewe."

Nikajumlisha. Jibu nilikuwa nalo zamani, nililipata nikichambua mbaazi peke yangu uani. Mimi si mjinga. Ila jibu la kujumlisha halina uso, huwezi kulifunga kidevu wala kulifumba macho.

"Sikai eda ya mtu ambaye maiti yake sijaiona," nikasema.

Halafu nikamgeukia shemeji. "Na wewe ndiye wa kunihimiza hitma?"

Akainamisha kichwa, anajua. Binti yangu hakuwa anajua, nikamsimulia. Ujana wake alikwenda Kilombero kukata miwa, ikaja habari kwamba lori limepinduka, wamekufa wote. Tukamlilia, tukamsomea, tukapika pilau. Watu wako mkekani wanakula, huyo anaingia na redio begani. "Nani kafa?" Mama yake akazimia. Yeye akanawa mikono, akala sahani mbili za hitma yake.

"Anko, kumbe ulijila mwenyewe!" binti yangu akacheka mpaka akashika mbavu. Shemeji naye akacheka. Kisha akafuta macho, akasema taratibu:

"Lakini mimi nilirudi, shemeji. Nilirudi kabla masufuria hayajaoshwa."



Walipoondoka nikabaki na mkeka. Watu hawajui ukaidi huu unanigharimu nini. Ningekubali, nyumba ingejaa. Wanawake wangekuja na kanga zao, wangelala chini nami, wangenipikia uji, wangemtaja mume wangu kwa sauti. Sasa wakifika mlangoni wanababaika: waniambie pole, au waniulize baba hajambo? Wengi wanaona heri wasipite. Mke si mke, mjane si mjane. Napika ugali wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Wala sijasema yu hai. Nasema sijaona.

Binti yangu alinitaka nikakae kwake Tumbi. Nikamuuliza, baba yako akija usiku nani atamfungulia? Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi.

Mwaka huu mfungo umeisha tena. Jana shemeji kaja, kavua viatu, kaketi. Safari hii hakuja na kitabu. Kaleta kanga nyeupe, mpya, ya kukalia eda, kaiweka kwenye mkeka katikati yetu.

"Umekonda, shemeji," akasema. "Ikubali, watu waje wakuone."

Nikaishika ile kanga. Laini. Nikaikunja vizuri, nikamrudishia.

"Sikai eda ya mtu ambaye maiti yake sijaiona."