Sauti ya Kazini

Tak.

Hiyo ndiyo sauti aliyokwenda nayo nyumbani Jumapili ile, akalala nayo, akaamka nayo. Haikuwa kubwa. Ni swichi ndogo tu, imebonyezwa na kidole kimoja. Mvi alikuwa katikati ya wimbo, macho ameyafumba, vidole vinakimbia juu ya nyuzi za gitaa, na alipoyafumbua alimwona Jemadari, kiongozi wa bendi, ameinama nyuma ya ampli, kikuza sauti cha gitaa la Mvi. Amezima.

Na wimbo ukaendelea.

Hilo ndilo lililomchoma. Watu waliendelea kucheza. Mpiga dramu aliendelea kutwanga kama anayeua nyoka jikoni. Besi ilinguruma, kinanda kililia, na gitaa lililokufa mikononi mwa Mvi halikuulizwa na mtu. Aliendelea kuzichezea nyuzi bubu mpaka mwisho, kwa sababu hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Makofi yalipotulia, Jemadari akashika maikrofoni. "Jamani, kuna aliyeona kitu kimepungua?"

Watu wakatazamana.

"Nimezima gitaa tangu ubeti wa pili. Tulieni, hamjaibiwa."

Ukumbi ukacheka, kicheko kile cha alasiri cha watu walioshiba. Wakati wa kukunja nyaya, Jemadari akamfuata pembeni.

"Shemeji, nisikilize. Jumapili ijayo nitazima tena. Sikwambii wimbo gani. Mtu mmoja tu ukumbini akishtuka, unabaki. Asiposhtuka mtu, usirudi. Mwanangu ana kinanda kinachotoa sauti ya gitaa, na hakinuni."

"Mwanao hajui hata kufunga kamba za viatu."

"Lakini anasikika."

Mvi ni fundi wa mashine katika kinu cha kusaga unga. Aliingia humo na miaka ishirini, na siku ya kwanza alitoka mweupe kuanzia kope hadi visigino, wenzake wakampa jina hilo. Sasa ana hamsini na mbili, na mvi zenyewe zilipokuja zilikuta nafasi yao imekwisha kushikwa. Akiosha kichwa, hakuna ajuaye kilichobaki ni unga au ni umri. Ni mtu wa maneno machache na kinyongo kirefu. Ampli yake aliitengenezea kasha mwenyewe, kwa mbao za kitanda kilichovunjika mwaka wa kwanza wa ndoa, na utani juu ya kitanda hicho umeshapigwa wote, hakuna uliobaki.

Bendi waliianzisha wawili tu, yeye na Jemadari, mwaka uleule alipomwoa dada yake Jemadari. Miaka kumi na tisa. Walikula sahani moja, wakavaa shati moja kwa zamu. Kisha wakaja wengine, dramu, besi, tarumbeta, kinanda, kila mmoja na spika lake kubwa kuliko la jana. Urafiki wa wale wawili ulikwisha kama gitaa lilivyokwisha: hakuna aliyeona siku ulipozimwa.

Jumatatu, Mvi alijifungia chumbani kutafuta sauti. Ampli ina vitufe vitatu vya kuzungusha: kimoja cha sauti nene, kimoja cha sauti ya kati, kimoja cha sauti nyembamba. Cha nene alikijaza. Cha nyembamba akakijaza. Cha kati alikiacha sifuri, alikokiacha miaka yote, maana sauti ile ilimkera, inabana kama mtu mwenye mafua. Akaongeza mkwaruzo kidogo juu yake, ule unaofanya noti moja ivume kama tatu. Akapiga. Chumba kikajaa asali.

Mkewe akachungulia mlangoni, mwiko mkononi. "Hiyo ndiyo iliyonidanganya nikaolewa."

"Sasa mbona kaka yako haisikii?"

"Kaka yangu kiziwi tangu tumboni. Wewe ni kiziwi wa kujitakia. Mniache mimi nipike."

Jumatano walikutana kwa mazoezi katika stoo nyuma ya gereji. Mvi hakumsalimu mtu. Alichomeka waya, akazungusha kitufe cha ukubwa mpaka kikagota. Walipoanza, mpiga besi, mchomeleaji mwenye shingo ya fahali, akageuka.

"Oya, unanikanyaga!"

"Nikukanyage wapi, hata mimi mwenyewe sijisikii!"

Mpiga besi akaongeza yake. Kinanda kikaongezwa. Mpiga dramu, ambaye hana cha kuongeza ila mabega, akaongeza mabega. Vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka. Fundi magari aliyekuwa amelala chini ya gari huko nje akatoka, akatukana, akarudi chini. Na ndani ya vurugu ile gitaa lilikuwa kama mtu anayezama huku amefumba mdomo: sauti yake nene iliingia tumboni mwa besi ikabaki humohumo, ile nyembamba ikafutwa na matoazi ya dramu.

Jemadari akainua mkono, wakanyamaza.

"Shemeji, naona vidole vinatembea. Vinakwenda wapi?"

Mwanawe akacheka kwenye kinanda, akabonyeza funguo mbili zikatoa sauti ya gitaa, safi, baridi kama kijiko. Mvi akamtazama. Angekuwa na nyundo, siku ile isingekwisha vizuri.

Alhamisi alirudi kinuni na hasira yake, akaimalizia kwenye nati. Kinuni kuna mashine nne. Chini unasikia mngurumo unaopanda magotini. Juu kuna mluzi wa unga unaokimbia ndani ya mabomba. Mgeni akiingia humo hujishika masikio. Na katikati ya hayo yote, kutoka mwisho wa jengo, hatua sitini, Mvi alisikia: "Gunia la saba, kilo tisini!"

Alikuwa Mama Mizani, mpimaji, mwanamke mwembamba anayekaa kwenye kigoda. Hakuwa amefumbua mdomo sana. Mvi alikuwa amemsikia hivyo kwa miaka thelathini, na hakuwahi kujiuliza. Akaweka spana chini.

"Mama Mizani, mbona hupigi kelele na nakusikia?"

"Kwani umeanza kazi leo?" Sauti ilimtoka puani, kali, bapa, kama kisu. "Wageni ndio wanaopayuka humu. Siku ya tatu koo limekwisha, wanaongea kwa vidole. Mashine imeshika chini, unga umeshika juu. Hapa," akajiminya pua, "hapa pako wazi. Mimi napita hapo."

"Lakini ni sauti mbaya."

"Mbaya mwenyewe! Nyumbani nina sauti ya nyumbani, mjukuu wangu analala nayo. Hii ni ya kazini. Toka kwenye mizani yangu, utahesabiwa kilo."

Mvi alirudi kwenye mashine yake, akasimama bila kushika kitu. Miaka kumi na tisa alikuwa amepeleka ukumbini sauti ya chumbani. Pale ambapo pangekuwa pake ndipo alipopaacha sifuri, kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni alifanya kinyume. Sauti nene akaipunguza. Nyembamba akaigawa nusu. Ile ya kati, adui yake wa siku zote, akaipandisha karibu mwisho. Mkwaruzo akautoa wote, noti zibaki uchi, kila moja na mfupa wake. Akapiga.

"Umeleta bata humu ndani?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

"Ni gitaa."

"Basi limeumwa na kitu."

Ilikuwa mbaya kweli. Ijumaa alishindwa kuvumilia akairudisha asali, akaitoa, akairudisha tena. Jumamosi alichukua kalamu ya kuandikia magunia, akachora alama kwenye kila kitufe, ili mkono usije ukamsaliti. Akagundua jambo la pili pia, la kuchekesha kama angekuwa mtu wa kucheka: ampli yake hukaa sakafuni, nyuma yake. Miaka yote alikuwa akivipigia vigimbi vya miguu yake. Akaazima kreti tupu ya soda.

Jumapili mkewe alikataa kwenda. Alisema hawezi kumtazama kaka yake akimwaibisha mumewe, wala mumewe akimwaibisha kaka yake, na nguo za kufua zipo.

Ukumbini Mvi aliipandisha ampli juu ya kreti, akailaza kidogo kwa nyuma, uso wake ukaelekea sikio. Alipojaribu noti tatu, mpiga besi akakunja uso.

"Hiyo ni nini, bati?"

"Shemeji amekuja na kuku wake," Jemadari akasema, na safari hii hakutumia maikrofoni. Hakuhitaji, wote walicheka. "Twende kazi."

Wimbo wa kwanza Mvi alipiga akiwa amekaza meno. Kwa mara ya kwanza alijisikia, na hakupenda alichokisikia: kila kosa lilimtoka mbele za watu, halina pa kujificha. Katika wimbo wa pili, mwana wa Jemadari alimfuata na kinanda chake, akapiga palepale anapopiga yeye, ili amfunike. Mvi akampisha. Akapandisha vidole juu ya shingo ya gitaa, akapiga vitu vidogo, vikavu, kila palipobaki upenyo kati ya ngoma na ngoma. Kitufe cha ukubwa hakukigusa. Kilikuwa chini kuliko Jumatano.

Akaona miguu. Mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani, aliyekuwa akicheza karibu na jukwaa, alianza kugeuka pale gitaa lilipogeuka. Kisha mwanamume aliyekuwa naye. Kisha mstari mzima nyuma yao. Fimbo za mpiga dramu zikaanza kumsubiri.

Jemadari naye aliona. Uso ukamwiva. Akaimba ubeti wa tatu huku akirudi nyuma, hatua kwa hatua, akitabasamu kwa watu, mkono mmoja umeshika maikrofoni, mwingine unapapasa nyuma ya kasha la mbao za kitanda.

Tak.

Mwanamke wa gauni la kijani alisimama mguu mmoja ukiwa hewani, kama aliyefika ngazi ambayo haipo. Mwenzake akamgonga. Mstari wa nyuma ukawagonga wote wawili. Mpiga dramu akainua kichwa, akapoteza hesabu, akanyamaza. Besi ikaenda hatua mbili peke yake, ikaona haya, ikaacha. Kinanda kikatoa gitaa lake la baridi, mara moja, mara mbili, halafu nalo likakoma.

"Gitaa limekwenda wapi?" mtu akapaza sauti kutoka mlangoni. "We Jemadari, unafanya nini huko nyuma?"

Ukumbi mzima ulimwona pale alipo, ameinama, kidole bado kiko kwenye swichi. Alisimama wima polepole. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa. Akasogea karibu na Mvi, akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Haya, umebaki. Washa tuendelee."

Mvi hakugeuka. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya nyuzi.

"Shemeji. Watu wanangoja. Washa."

Watu walikuwa wananyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikasikika feni ya dari ikikwaruza.

"Uliyezima ni wewe," Mvi akasema, kwa sauti ya chini sana, ya puani. "Washa wewe."