Ng'ombe wa Mwanakheri

Chuo alichosoma Mwanakheri pale Mikumi kilikuwa na kozi ya animesheni ya kuchora kwa mkono, na kozi ilikuwa na kila kitu isipokuwa vifaa, vitabu na mtu aliyewahi kuifanya. Mwalimu wake, Gerald, alikuwa mtu mwema aliyesomea uhasibu. Kozi hiyo aliipata kama watu wanavyopata mafua. Mwongozo wake ulikuwa faili moja alilolipakua kwenye simu, nalo liliishia ukurasa wa kumi na nne kwa sababu bando lilikata hapo. Ukurasa huo ulionyesha farasi. Basi wanafunzi thelathini na wawili, katika mji ambao wageni wanavuka bahari kuja kutazama wanyama wake, walifundishwa mwendo wa mnyama kwa farasi aliyekaa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hifadhi ilikuwa jirani, lakini ziara ilihitaji barua kutoka wilayani Kilosa, na barua ya Kilosa ilihitaji barua ya kuomba barua.

Mwanakheri hakulalamika. Meza ya mwanga hakuna? Alibandika karatasi kwenye dirisha la jiko la chuo, upande wa mawio, akachora kwa kufuatisha mpaka jua lilipopanda. Kwa michoro mingine alipigilia misumari miwili kwenye ubao ili karatasi zisihame. Alijifunza kwamba mchoro mmoja hautembei hata ukiuombea dua, lakini ukipekua kumi na sita kwa haraka, jicho linasalimu amri. Alijifunza kwa bidii, na alikuwa na sababu. Baba yake, mkulima wa Masanze, alimruhusu kwa shingo upande kwenda "kuchora vikaragosi", kwa sharti moja: akifeli hata somo moja, anarudi nyumbani kupalilia.

Mtihani wa vitendo ulitaka mnyama anayetembea. Akachagua ng'ombe. Aliwafahamu, au ndivyo alivyodhani. Tangu utoto wake walikuwa wakiingia kwenye mahindi ya baba yake, na yeye ndiye aliyetumwa kuwatoa.

Siku tatu kabla ya mtihani, Naipanoi, mama wa kifugaji aliyeleta maziwa jikoni kila asubuhi, alitua madumu yake karibu na dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unalifanya nini dirisha la watu?"

Mwanakheri akampekulia michoro. Naipanoi akaomba arudie, akatazama tena, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Maskini! Amefukuzwa na nani?"

"Hajafukuzwa, mama. Anatembea."

"Anatembea! Mguu wa mbele kulia na wa nyuma kushoto inaondoka pamoja? Huyo anakimbia fimbo. Kwenu wapi?"

"Masanze."

"Ahaa! Nyie wakulima mnawaonaga mikia tu. Njoo kesho bomani uwaone wakiwa na amani."

Ilimuuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Katika miaka yake ishirini na mmoja hakuwahi kumtazama ng'ombe asiye na haraka. Na kwenda bomani kuwastaajabia walaji wa mahindi, baba yake angekuita usaliti. Alikwenda. Alikaa chini, akanyamaza, akatazama miguu. Nyuma kushoto, mbele kushoto. Nyuma kulia, mbele kulia. Ukwato wa nyuma ulitua karibu palepale ulipong'oka wa mbele, na kichwa kilishuka na kupanda kama cha mjumbe anayeafiki hoja asiyoisikiliza. Akarudi chuoni, akachora yote upya.

"Wee, umerogwa?" alimaka Doto, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. "Mwongozo wa mwalimu unasema miguu iende kimshazari!"

"Farasi wa mwongozo anakimbia."

"Sasa si upeleke huyo wa kwanza anayekimbia? Unataka ukweli au unataka cheti?"

Swali hilo linaulizwa kwenye ofisi nyingi za nchi hii, na jibu lake limeshakunywa chai na kulala. Michoro ya kwanza ilikuwa bado mizima chini ya godoro. Mwanakheri aliiacha hukohuko.

Mwalimu Gerald alipekua. Akapekua tena. Mara ya tatu alitabasamu, akasahau kwamba yeye ni msahihishaji. Kisha akakumbuka, akafungua simu.

"Anatembea vizuri sana," alisema kwa huzuni. "Tatizo hatembei kama mwongozo."

"Mwalimu, ng'ombe wanapita hapo nje kila siku. Tukawatazame."

"Inawezekana uko sahihi. Ila alama ziko kwenye mwongozo, haziko barabarani."

Akampa thelathini na tisa. Kufaulu ni arobaini.

Jioni Mwanakheri alipiga simu nyumbani. "Baba, nimekwama somo moja. Ni kwa ajili ya ng'ombe."

"Hata huko chuoni wameingia?"

"Hapana, baba, ni wa kucho..."

"Pole sana mwanangu! Hao hawana mpaka. Mtihani unarudiwa?"

"Septemba."

"Basi baki huko uurudie. Usikubali wakushinde!" Akakata simu kabla ya kuelezwa lolote.

Asubuhi Naipanoi alileta maziwa. Mwanakheri hakumwambia habari za alama. Alimpekulia tu. Safari hii mama yule hakucheka. Alimfuata ng'ombe kwa macho, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Huyu ndiye," alisema. "Ila sikio halina alama. Akipotea, watu watajuaje ni wa nani?"

Binti wa mkulima wa Masanze aliikunja midomo, akafikiri.

"Ni wa kwangu," alisema. Akachukua kifutio, akakata ncha ya sikio la kushoto kwenye mchoro wa kwanza, kisha wa pili, akaendelea mpaka wa kumi na sita.