Amande ya Kicheko

Katika ukoo wetu kazi ya kusema kwenye doti, sherehe ya kutoa mahari, ni ya wanaume. Siku ya doti ya binti wa kaka yangu mkubwa nilipewa mimi mwanamke, kwa sababu baba mdogo aliyeizoea alikuwa amekaukiwa sauti, na kwa sababu nimefundisha darasani miaka ishirini na kila mtu nyumbani anajua kwamba nina mdomo. Walitegemea nikatae kidogo, kwa heshima. Nilikubali palepale. Nilikuwa na sababu yangu.

Sababu hiyo ni mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, fundi wa kushona nguo kule Uvira. Ninaandika haya kwa ruhusa yake.

Mwaka mpya mmoja tulikuwa mezani nyumbani kwa kaka, katika mtaa wa Bagira, televisheni imewashwa kama kawaida. Akatokea mwimbaji aliyevaa suruali ya kubana na hereni. Tonton, yaani mjomba wetu, kaka wa mama, akasema bila hata kuacha kutafuna: "Angalia hii pede. Mwenye kama huyu angezaliwa kwangu, ningemutupa mu maji ya Ruzizi." Pede kwetu ni tusi kwa mwanamume anayependa wanaume. Meza nzima ikacheka. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikaweka mkono mdomoni ili bugali isitoke. Mdogo wangu aliweka tonge sahanini, akaenda kunawa, akaaga watu mmoja mmoja. Tangu siku hiyo hakula tena katika nyumba ile. Akija anasema ameshiba, hata kama ameondoka Uvira alfajiri akapita Sange na Nyangezi bila kuonja chochote.

Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Miaka miwili kabla ya siku ile alikuwa ameniambia mimi, mimi peke yangu, kwamba yeye anapenda wanaume, tukianua nguo nyuma ya nyumba kabla ya mvua. Alisema kwa maneno machache, akanikabidhi shuka tukalikunja pamoja, kila mtu ncha zake. Nilimwambia hakuna kitu kitakachobadilika kati yetu. Kisha nikaja kucheka.

Baadaye alinipigia simu. "Tonton hakunishangaza, yaya," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Mi nilikuwa naangalia weye."

Nilijaribu kueleza. Nilisema nilicheka ili nisionekane, kwamba ukikaa kimya watu wanauliza, kwamba kicheko kilitoka chenyewe. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Kwa hiyo binti wa kaka alipomwomba amshonee nguo za doti, alikubali kwa sharti, na sharti hilo aliniambia mimi kwa simu. "Nitakuya juu ya mutoto. Lakini nikisikia tena ile neno na munacheka, basi. Hamutaniona tena kwenu." Hakuwa na hasira. Alikuwa anapima kitambaa huku anaongea, nilisikia mkasi. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mdogo wangu akisema jambo kwa utulivu amekwisha kuliamua.

Asiyezijua doti zetu nimweleze kidogo. Familia mbili zinakaa chini ya shitingi, turubai la kivuli, uso kwa uso, na wanaosema ni wasemaji wawili tu. Bwana harusi hafungui mdomo. Sisi wenye binti tunamficha chumbani, tunatoa kwanza watu wengine waliofunikwa kitenge kuanzia kichwani mpaka miguuni, na wageni wanapaswa kusema huyu siye. Katikati ya mchezo huo kila kosa lao lina faini, amande tunavyoiita: wamechelewa, amande; wamesalimu vibaya, amande. Inalipwa kwa kazye ya sucré, yaani kreti ya soda, na wao wenyewe wanakuja na kazye za ziada kwa kazi hiyo. Lakini kuna kanuni moja isiyochezewa. Amande ikiwa haijaisha, msichana hatoki.

Msemaji wao alikuwa mzee mnene, mchangamfu, kiongozi wa kwaya, mwenye kofia nyeusi na sauti ya kufika mpaka barabarani. Nilimtoza kazye ya kwanza kwa kuchelewa na ya pili kwa kutusalimu bila kuvua kofia. Alilipa kwa madaha, akazungushazungusha ile kofia mkononi, akairudisha kichwani, watu wakavunjika mbavu. Nilimpenda yule mzee. Lazima niseme hivyo, la sivyo nitakuwa ninadanganya.

Tukamtoa wa kwanza aliyefunikwa, binamu yetu mmoja mfupi. Alipofika katikati kitenge kikaanza kumteleza. Mdogo wangu akatoka ndani mbio, pini zimebanwa midomoni, akapiga magoti mbele ya watu wote, akaanza kubana pindo.

Mzee akamwonyesha kwa kofia yake. "Na ule mwenye kupiga magoti pale, ni mwanaume ao ni mwanamuke? Muangalie muzuri, wabwana! Sisi hatukukuya huku kuoa pede!"

Kicheko kilianza upande wao, kikavuka mpaka kwetu. Nilimwona kaka anacheka. Nilimwona tonton anapiga goti lake kwa kiganja. Na mimi, baada ya yote yale, nilikihisi kikinipanda kooni kwa mazoea tu. Nilikimeza. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa umesimama kwenye pindo. Hakugeuka kumtazama mzee. Alikuwa ananitazama mimi.

"Amande!" nikasema.

Watu wakapiga makofi, wakafikiri mchezo unaendelea. Vijana wao walikuwa tayari wameinua kazye.

"Ile kazye mwirudishe," nikasema. "Papa, umetukana nyumba yetu. Mutu anashona nguo ya mutoto wetu, weye unamufanya kichekesho mbele ya watu."

"Aah, maman, ni mazungumuzo tu! Leteni mbili!"

"Hata mukileta kumi. Hii amande haiko ya sucré. Neno ilitoka mu kinywa yako, irudi mu kinywa yako. Simama, utoe kofia, useme unaiondoa. Kwa sauti ile ile."

Bado alikuwa anatabasamu, anasubiri nicheke. Sikucheka. Tabasamu likaanza kumtoka polepole.

Kaka akaniinamia sikioni. "Unaharibu doti ya mutoto wangu juu ya neno moya?"

"Si miye niliisema," nikamjibu. Nikakaa, nikakunja mikono, nikawatangazia wote kwamba msichana hatatoka.

Wasomaji wasidhani nilikuwa shujaa. Wageni wakiinuka na kuondoka, kosa lingekuwa langu milele. Kila sikukuu ningekuwa shangazi aliyevunja harusi. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amesimama mlangoni ananikata jicho, na nilimwelewa, ni mama. Lakini nilikuwa nimekwisha kukaa, na sikuwa na nia ya kuinuka kabla ya yule mzee.

Mwanamke mmoja wa upande wao akafyonza, akasema siku hizi hata mchezo umekatazwa. Kisha kutoka nyuma ya pazia la chumba tukasikia sauti ya binti mwenyewe, ambaye kwa desturi hakupaswa kusikika kabisa.

"Shangazi, mi naweza kungojea."

Kaka akainua kichwa. Mzee naye alikuwa amesikia, na bwana harusi pia. Nilimwona kijana yule akimvuta mzee mkono wa koti, akamnong'oneza maneno machache. Mzee akatazama chini, akatazama lile pazia. Kisha akasimama, na safari hii alivua kofia bila madaha yoyote.

"Neno nilisema juu ya ule kijana, naiondoa. Ilikuwa mubaya. Mutusamehe."

Sauti haikuwa ile ile, ilikuwa chini kidogo. Nilikubali. Baadhi ya watu walipiga makofi, wengine walitazama pembeni. Mdogo wangu akarudi kwenye pindo, akamaliza kazi yake, akainuka akaingia ndani. Tulimtoa wa pili, tukamtoa wa tatu, na binti alipotoka amevaa ile nguo aliyoshonewa na baba yake mdogo, wanawake walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Nilijiona nimeshinda. Nilikwenda kumtafuta, nikamkuta kwenye korido anarudisha pini zake ndani ya kopo, moja moja.

"Umeona?" nikamwambia. "Muzee amelipa."

"Amelipa," akasema. Akafunga kopo. "Na weye, yaya?"

Nilidhani hilo lilikuwa limekwisha. Nilidhani lile la mchana ule lilikuwa limelifunika lile la mwaka mpya. Niliona haya, nikarudi chini ya shitingi.

Kabla ya chakula msemaji wa wenye nyumba hutoa shukrani. Niliwashukuru wageni, nikamshukuru mzee wa kofia. Halafu nikasema bado kuna amande moja haijalipwa, nayo ni ya upande wetu. Watu wakasogeza viti wapate kuona nani atachekwa.

"Siku moya, mu nyumba hii hii, neno ile ile ilisemwa mezani," nikasema. "Si wageni waliisema. Ni sisi. Na miye nilicheka. Nilicheka sana. Leo naondoa kicheko yangu, na nisipoonekana kucheka tena, musiniulize sababu. Sababu munayo."

Hakuna aliyepiga makofi. Kaka alikuwa anachezea mfuniko wa chupa. Tonton alitazama sahani yake ambayo bado ilikuwa tupu, na mpaka leo hajawahi kunigusia jambo lile. Mambo kama haya hayaishi kwa siku moja. Neno lile nimelisikia tena ofisini kwa walimu, kwenye ubatizo, kwa fundi viatu, na kila mahali ninauliza kinachochekesha ni nini, nangoja jibu. Wengine wameacha kunialika.

Siku ile nilishika mwiko, nikaanza kupakua, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Bugali, samaki wadogo wa sambaza, sombe ya majani ya muhogo. Foleni ilikuwa ndefu na sikuwa ninatazama nyuso. Sahani moja ikabaki imenyooshwa mbele yangu, nami nilikuwa nimekwisha kuijaza.

"Yaya," mdogo wangu akasema, "ongeza sombe. Niko na njaa ya siku mingi."